Chombo Kikuukuu Kilichozunguka Dunia

Chombo cha mti hakizeeki kama mtu azeekavyo. Mtu akiisha kuwa mzee hapewi mifupa mipya wala ngozi mpya. Lakini ubao wa chombo ukioza hutolewa, ukatiwa mwingine, na tanga likichakaa hushonwa jingine. Kwa hiyo mtu mwenye akili akitaka kununua chombo kikuukuu haulizi tu, "Kina miaka mingapi?" Huuliza pia, "Ni nani aliyekitunza, na alikitunzaje?" Katika somo hili tutasoma habari za chombo kimoja cha Marekani, jina lake Spray. Mikono ya mtu mmoja ilikitoa shambani ikakirudisha baharini, nacho kikaizunguka dunia nzima.

Mtu huyo aliitwa Joshua Slocum. Alizaliwa mwaka 1844 katika nchi ya Nova Scotia, iliyo sehemu ya Kanada. Tangu ujana wake alikuwa baharia, na baadaye akawa nahodha wa merikebu kubwa za matanga. Lakini siku zile meli za moshi zilikuwa zikichukua mizigo ya dunia, na kazi ya matanga ikazidi kupungua. Mwaka 1892 Slocum alikuwa katika mji wa Boston, hana merikebu wala kazi ya kumfaa. Hapo akakutana na rafiki yake, nahodha mzee aliyekuwa zamani akivua nyangumi. Mzee akamwambia aende Fairhaven, naye atampa chombo. Ila chombo hicho, akasema, kinataka kutengenezwa.

Slocum akaenda. Akakikuta chombo kimesimama shambani, mbali na maji ya chumvi, kimeegemezwa miti na kufunikwa turubai. Kilikuwa chombo kidogo cha mlingoti mmoja, kizee sana. Majirani walipomwona akikikagua, wakadhani amekuja kukivunja. Akawaambia kwamba hakuja kukivunja, bali kukiunda upya. Wakastaajabu, wakawa wakimwuliza kama kazi hiyo itakuwa na faida.

Basi akashika shoka, akaangusha mwaloni uliokuwa karibu, uwe mkuku mpya. Mkuku ndio uti wa mgongo wa chombo. Kisha akachonga miti michanga ya mwaloni iwe mataruma, yaani mbavu. Mwaloni ni mti mgumu, haukubali kupindwa hivi hivi. Kwa hiyo akatengeneza sanduku la mvuke, akaitia miti humo hata ikalainika, akaipinda juu ya gogo na kuifunga mpaka ikashika umbo lake. Juu ya mataruma akapigilia mbao za msonobari, unene wake inchi moja na nusu. Kila kipande kibovu kikatoka, na kizima kikaingia mahali pake, kidogo kidogo, hata isiweze kujulikana ni saa gani Spray ya kale ilikwisha na Spray mpya ikaanza.

Lakini chombo kilichopigiliwa mbao tu hakijawa tayari kuelea, kwa maana kati ya ubao na ubao mna nafasi ya kupita maji. Sharti kikalafatiwe. Mafundi wa pwani yetu huchukua pamba iliyolowekwa mafuta, wakaishindilia katika nafasi hizo. Slocum alitanguliza uzi wa pamba. Nahodha mmoja mzee alipoutazama akasema kwamba utatoka. Slocum hakubishana naye. Akapiga nyuzi za kamba juu ya pamba, kama alivyokuwa amekusudia tangu mwanzo, na Spray haikuvuja tena.

Kisha akapaka chini ya chombo rangi yenye shaba, mara mbili. Katika bahari yenye joto yumo mdudu mwenye mwili laini kama mnyoo, lakini kwa kweli ni jamaa ya chaza. Hutoboa mbao na kukaa ndani yake, na kwa nje huonekana vitundu vidogo tu, hali ndani ubao umekwisha kuliwa. Shaba ni sumu kwake. Mabaharia wetu, kwa kujikinga na adui huyo huyo, hupaka shahamu iliyochanganywa na chokaa.

Kazi yote ilichukua miezi 13, na gharama yake ilikuwa dola 553 na senti 62. Urefu wa chombo ulikuwa futi 36 na inchi 9, na upana wake futi 14 na inchi 2.

Tarehe 24 Aprili 1895, Slocum, umri wake miaka 51, aliondoka Boston peke yake. Saa yake ya safari ilikuwa saa ya bati iliyopasuka uso, aliyoinunua kwa dola moja. Na hata hiyo baadaye ikapotewa na mshale wa dakika. Alivuka Atlantiki mpaka Gibraltar, akikusudia kupita mfereji wa Suez. Huko akaonywa juu ya wanyang'anyi wa baharini, akageuka, akavuka Atlantiki tena kwenda Brazil, kisha akashika njia ya kusini mpaka Mlango wa Bahari wa Magellan. Dhoruba ikamrarulia tanga lake kuu. Hakuwa na fundi wa kumwita. Akatwaa sindano, akalishona mwenyewe. Huko huko akasimamisha mlingoti mdogo wa nyuma, ule ambao mabaharia wetu huuita galme.

Mwaka 1897 alifika kisiwa cha Tasmania. Chombo kilikuwa kikienda vizuri, wala hakikuonyesha dalili ya ubovu. Hata hivyo Slocum alikipandisha nchi kavu, akakitazama juu na chini. Hakuona hata kitundu kimoja cha yule mdudu. Juu ya hayo akapaka tena rangi ya shaba, kwa sababu mbele yake kulikuwa na bahari za joto. Angaliene jambo hili: alitengeneza kabla ya kuharibika.

Toka kisiwa cha Thursday, kaskazini ya Australia, mpaka visiwa vya Keeling ni maili 2,700. Alizikata kwa siku 23, na katika siku hizo zote hakushika usukani zaidi ya saa tatu. Aliufunga kwa kamba, na chombo kikajishikia njia chenyewe, naye akisoma, akipika na kulala. Kisha akapita Rodrigues, Mauritius, Durban na Rasi ya Tumaini Jema. Tarehe 27 Juni 1898 alitia nanga Newport, katika Marekani, amekwisha kusafiri zaidi ya maili 46,000. Hakuna mtu kabla yake aliyeizunguka dunia kwa tanga peke yake.

Mwisho wa habari hizi ni wa huzuni. Miaka ilipopita, nahodha alizeeka, na waliokiona chombo chake walisema kwamba kimechakaa na kamba zake zimelika. Miaka kumi na zaidi kidogo baada ya kurudi, Slocum aliondoka tena peke yake kwenda kusini, wala yeye wala Spray hawakuonekana tena. Sababu haijulikani na mtu.

Lakini hili twalijua: chombo hakitengenezwi mara moja kikaisha. Bahari haipumziki, na mwenye chombo naye hana ruhusa ya kusahau. Wazee wetu wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huko baharini hakuna nafasi ya kujenga ukuta.

MASWALI
1. Mkuku na mataruma ni nini? Vilinganishe na sehemu za mwili wa mtu.
2. Kwa nini chombo hukalafatiwa?
3. Slocum alifanya nini Tasmania, na kwa nini hakungoja chombo kiharibike?
4. Ikiwa kila ubao umebadilishwa, je, chombo ni kile kile? Toa sababu zako.
5. Taja kitu kimoja cha nyumbani kwenu ambacho kimedumu kwa sababu ya kutunzwa.