Kompyuta Ikinguruma Bwaise, Anza na Brashi

Maduka ya kuchapa na kutoa fotokopi kando ya Barabara ya Bombo, pale Bwaise, Kampala, huacha milango wazi kutwa nzima, maana wateja hawapendi kubisha hodi. Vumbi nalo huingia bila hodi, tena haliji peke yake: huandamana na moshi wa mkaa na mvuke wa mafuta kutoka kwa mkaanga rolex, ile chapati ya mayai, aliye kibarazani. Vumbi lenye mafuta hunata. Ndiyo maana kompyuta ya mezani ikipulizwa tu hutulia siku chache, kisha kelele zikarudi.

Kabla hujashika bisibisi, sikiliza. Mvumo wa upepo unaopanda ukifungua programu nzito na kushuka ukiifunga ni feni inayohangaika kutoa joto. Huo dawa yake ni usafi. Mkwaruzo usiokoma, mkali zaidi unapoiwasha asubuhi, mara nyingi ni beringi iliyolika, na hapo utanunua feni nyingine. Ukisikia kitu kinagonga ta-ta-ta ndani, acha yote unakili kazi za wateja kwenye flashi: huenda hadidiski inakufa.

Zima kompyuta, chomoa plagi ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki uishe. Itoe nje, upande usio na moshi. Gusa chuma cha kasha kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu umeme tuli wa mwilini unaweza kuua memori bila wewe kuhisi lolote.

Ondoa kifuniko cha ubavu wa kasha. Feni ya prosesa imekaa juu ya kipande cha alumini chenye mapezi membamba. Mulika kwa tochi ya simu katikati ya mapanga yake: utaona utando wa kijivu umetandazwa juu ya mapezi kama zulia. Wengi hufuta mapanga yakang'aa, wakafunga kasha. Kosa ni hapo, kwa sababu kinachozuia joto kutoka ni huo utando wa chini. Fungua skrubu za feni, chomoa waya wake taratibu, uinue. Bandua utando kwa vidole, kisha pitisha brashi mpya ya rangi, laini na kavu, ukifuata njia ya mapezi. Mapanga yenye mafuta yafute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, si maji ya sabuni.

Ukipuliza kwa blowa ndogo, zuia kila feni kwa kidole. Ikizungushwa kwa kasi na upepo wa nje, beringi huumia. Wapo wanaopeleka kompyuta kwa vijana wa kujaza upepo matairi, nami siwaungi mkono hata kidogo: hewa ikibanwa, unyevu wake hugeuka maji ndani ya tangi la kompresa, na maji hayo hurushwa moja kwa moja kwenye bodi.

Pawa saplai usiifungue kamwe. Kapasita zake huweza kushika umeme hata baada ya kuchomolewa, nao ni umeme wa kuua mtu. Pulizia kwenye matundu yake, inatosha.

Kile kipande cha alumini kiache mahali pake, isipokuwa joto linakataa kushuka. Ukikiinua, pesti ya joto iliyo chini yake lazima ibadilishwe: futa ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko, kisha kaza skrubu kwa kukatisha pembe kwa pembe. Kama hujawahi kuifanya kazi hii, mwachie fundi, ila simama karibu uone.

Ukisharudisha feni na kufunga kasha, tafuta mahali pa kuiweka kompyuta. Bwaise iko bondeni, na mvua kubwa ikinyesha mfereji wa Lubigi hufurika, kwa hiyo kasha lisikae sakafuni. Likiinuliwa, hata vumbi la mfagio halilifikii kwa urahisi. Acha nafasi ya shubiri moja nyuma yake, na usilifunike kitambaa likiwa linawaka. Duka lililo jirani na jiko la mkaa lisafishe kompyuta kila baada ya miezi mitatu. Nyumbani, mara mbili kwa mwaka zinatosha.