Trauti wa Nyandarua, sulisuli wa Watamu: mwongozo wa kuvua kwa nzi nchini Kenya

Ukifika mto Chania asubuhi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare kwenye safu ya Nyandarua, usikimbilie maji. Kaa chini mbali kidogo na ukingo, kivuli chako kisiguse mto, utazame kwa dakika kumi. Wageni wengi wameshalipa ada, wana fimbo nzuri na siku moja tu mkononi, basi huenda moja kwa moja hadi ukingoni. Trauti mkubwa wa kidimbwi kile huwa ameshatoweka kabla mshipi haujapaa.

Kwa asiyewahi kuvua hivi: nzi ni wa bandia, amefungwa kwa nyuzi na manyoya juu ya ndoana ndogo. Wengi wanaouzwa Ulaya na Marekani hufungwa kwa mikono hapahapa Kenya. Nzi huyo ni mwepesi mno kurushwa peke yake. Mshipi mnene ndio wenye uzito, nao ndio humbeba. Kwa hiyo nguvu za bega hazikufikishi popote. Rudisha fimbo nyuma, isimamishe, ungoje mshipi unyooke mgongoni kwako, kisha uilete mbele na kuisimamisha tena. Kungoja kule nyuma ndiko kunakowashinda wengi. Fanya mazoezi uwanjani, kwenye nyasi, siku mbili kabla ya safari. Mtoni si mahali pa kuanzia.

Mito hii haikuwa na trauti. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Scotland na kuwapandikiza mto Gura, kwenye safu hiihii ya Nyandarua. Trauti wa upinde, mwenye mstari wa waridi ubavuni, alifuata baadaye, na leo ndiye utakayemkuta zaidi kwenye mito ya Mlima Kenya: Naro Moru, Burguret, Sirimon, Sagana. Wote wawili wanataka maji baridi yanayokimbia, lakini tabia zao ni mbali, na mbinu inayomnasa mmoja humfukuza mwenzake.

Wa kahawia ni mwoga na ana makao yake. Hujibanza chini ya mizizi, nyuma ya jiwe, penye giza la ukingo uliolika, naye hutoka kula jua likififia. Kwa kuwa samaki wa mtoni huelekeza kichwa mkondo unakotoka, mwendee kutoka nyuma: anzia chini ya kidimbwi, piga magoti, panda polepole. Mrushe nzi mbele yake kidogo, ateremke na maji kwa mwendo wa maji yenyewe. Mkondo ukiuvuta mshipi, nzi huburuzika na kuchora mstari juu ya maji. Samaki akishauona mstari ule, kidimbwi hicho kiache. Kurusha mara tatu kwa uangalifu kunatosha. Mara ya ishirini unamfundisha tu kukuogopa.

Msituni tatizo ni miti. Nyuma yako kuna mianzi na matawi, mshipi hauna pa kunyookea. Hapo jifunze kurusha kwa kuviringisha: mshipi ubaki juu ya maji mbele yako, inua fimbo taratibu hadi usawa wa sikio, kisha ishushe kwa mkato mmoja ili mshipi ujikunjue kama mkeka. Kwa mito ya Kenya naiona mbinu hii kuwa ya lazima kuliko kurusha mbali. Samaki wengi wako ndani ya mita nane kutoka unaposimama.

Wa upinde ana ujasiri zaidi. Hukaa kwenye maji ya kasi, akila vilivyo chini, kwa hiyo mpe nzi mzito anayezama hadi kwenye mawe. Hutamwona akiuma. Tazama mshipi: ukisita hata kidogo, inua fimbo bila kuinyakua.

Ziwani mambo hugeuka. Kwenye maziwa ya Mlima Kenya kama Alice, Rutundu na Ellis, yote juu ya mita 3,000, hakuna mkondo wa kumletea samaki chakula, basi yeye ndiye anayezunguka. Mrushe nzi, hesabu hadi tano azame, mvute kwa vidole kidogokidogo. Usipopata, hesabu hadi kumi, kisha kumi na tano, mpaka ujue wako kina gani. Fika mapema, maana mchana mawingu hushuka na upepo huamka. Usiku huko ni baridi ya kuganda. Beba nguo ipasavyo.

Kibali cha kuvua na ada ya hifadhi ni vitu viwili. Uliza vyote viwili langoni. Omba askari wa wanyamapori akusindikize, kwa sababu nyati na ndovu hunywa kwenye mito hiyohiyo, na sauti ya maji huficha hatua zao. Epuka mvua ndefu za Machi hadi Mei, mito inapogeuka tope. Ukimrudisha samaki majini, lowesha mikono kwanza, na ule mwiba mdogo wa ndoana uubane kwa koleo kabla hujaanza kuvua.

Ukiteremka pwani wakati wa kaskazi, Watamu na Malindi kuna sulisuli, na hapo mkono wa mlimani utakuponza. Nahodha huburuza chambo kisicho na ndoana hadi samaki apande nyuma ya mashua akiwa na hasira, kisha chambo huondolewa ghafla na wewe unamrushia nzi mkubwa mahali pake. Akiuma, usiinue fimbo kama ulivyozoea kwa trauti, ukiinua unamnyang'anya. Shusha fimbo, elekeza ncha kwake, uvute mshipi kwa mkono wa pili, kwa nguvu, mara mbili. Akiruka, mwinamie, fimbo imwelekee, mshipi ulegee mpaka arudi majini.