Baridi Yabisi Siyo Ugonjwa Mmoja

Nilipokuwa TP mwaka jana, kwenye kidato cha kwanza kulikuwa na kijana aliyeomba ruhusa kila kipindi cha michezo. Jumatatu goti. Jumatano goti limepoa, sasa ni kifundo cha mguu. Wiki iliyofuata kiwiko. Ofisini tulicheka kwamba maumivu ya huyu yana miguu, yanatembea. Kwenye daftari langu niliandika "mtegaji". Simsingizii mtu, mwandiko ni wangu mwenyewe.

Niliporudi chuoni ndipo nikajua kwamba maumivu yanayohama kiungo hadi kiungo ni dalili inayofahamika. Nitarudi kwa kijana huyo. Kwanza tuliangalie neno letu, kwa sababu kwa kila kiungo kinachouma tunalo moja tu: baridi yabisi. Bibi akishindwa kuinuka, baridi yabisi. Mama akishindwa kukunja vidole, baridi yabisi, eti avae sweta. Ni kweli wapo wanaoumia zaidi siku za baridi, lakini baridi yenyewe haili kiungo.

Anza na paja la kuku pale kantini. Ile sehemu nyeupe inayong'aa kwenye ncha ya mfupa ndiyo gegedu. Kazi yake ni kuifanya mifupa iteleze isisagane. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Hulishwa na ute ulio ndani ya kiungo: ukitembea linabanwa na kuachiwa kama sponji, linanyonya. Kwa hiyo linaweza kuchakaa kimyakimya bila wewe kusikia kitu, na likiisha halioti tena kirahisi. Ute wenyewe ni mzito kama ute wa yai bichi, na hutengenezwa na utando mwembamba uliotanda ndani ya kiungo. Nje yake kuna kifuko kigumu na kano zinazofunga mfupa kwa mfupa. Mchezaji wetu akitolewa uwanjani kwa machela, watu wakasema "kavunjika goti", mara nyingi mfupa ni mzima, kilichokatika ni kano.

Sasa uliza, kilichoharibika ni kipi?

Kwa bibi, mara nyingi ni gegedu, lililolika kwa umri, uzito au jeraha la zamani. Goti huuma akitembea na hutulia akikaa. Asubuhi hukakamaa dakika chache, kisha linafunguka.

Kwa mama wa vidole, huenda ni utando. Kinga ya mwili, iliyotakiwa kupigana na vijidudu, inaugeukia utando wake yenyewe. Utando unavimba, unanenepa, unaanza kula gegedu na mfupa. Huo ndio ugonjwa wa rumatoidi athritisi. Huuma mikono yote miwili, kukakamaa kwa asubuhi huchukua saa nzima au zaidi, na mwili wote unachoka. Wanawake hupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na unaweza kuanza hata katika umri wetu. Hapa kuchelewa kuna gharama, maana uharibifu mwingi hutokea miaka ya mwanzo, na dawa za kuupunguza kasi zipo, kama methotreksati. Diklofenaki ya duka la dawa inatuliza maumivu tu huku utando ukiendelea kula. Ukiimeza miezi na miezi, tumbo na figo ndivyo vinavyolipa.

Jongo ni hadithi nyingine: asidi ya yuriki huganda kama visindano ndani ya kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, usiku wa manane, hata shuka likigusa unapiga kelele. Nyama na bia huchochea, ingawa kurithi na figo navyo vinachangia. Na kiungo kimoja kilichovimba ghafla, cha moto, pamoja na homa, usikisubirishe mpaka kesho. Bakteria wakiingia humo, siku chache zinatosha kuliharibu gegedu.

Wale mnaoalisha vidole lekcha nzima, mko salama. Mlio ule ni gesi ndani ya ute. Daktari mmoja Mmarekani, Donald Unger, alialisha vya mkono wa kushoto tu kwa miaka 50 na zaidi, na athritisi hakuiona mkono wowote. Kelele zenu tu ndizo zinatuudhi.

Kijana wangu sasa. Mwanzoni mwa muhula ule nusu ya darasa walikuwa wanaumwa koo. Koo likiambukizwa na bakteria aina ya streptokoka bila kutibiwa, baada ya wiki mbili au tatu kinga iliyoamshwa inaweza kuushambulia mwili wenyewe. Hiyo ni homa ya rumatiki, na huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Viungo vikubwa huvimba kwa zamu, kisha hupona kabisa. Valvu za moyo zinaweza zisipone. Penisilini ikitolewa mapema, koo likiwa bado linauma, huzuia yote hayo.

Nilimpigia mwalimu wake wa darasa. Akaniambia mama yake alishampeleka hospitali, baada ya kuona anahema akipanda ngazi, na walikuta valvu moja ina kasoro. Sasa anachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, na itakuwa hivyo kwa miaka. Siku ya sindano hukosa vipindi viwili vya hisabati. Nilimwomba mwalimu asimwandike mtoro.