MAKTABA ZA PROGRAMU NA LUGHA ILIYOPITWA NA WAKATI

Wenzangu kadhaa hapa Ngaramtoni wameniuliza kwa nini programu iliyofanya kazi vizuri zamani huweza kukataa leo. Nitaeleza kwa kifupi.

Maktaba ya programu si chumba cha vitabu. Ni mkusanyo wa kazi zilizokwisha andikwa, ambazo mtu ye yote aweza kuzitumia katika programu yake bila ya kuanza upya. Maktaba hiyo huandikwa kwa lugha ya kompyuta, na lugha nayo hubadilika.

Tutazame lugha ya Python. Toleo la 3 lilitoka Desemba 2008, wala halikupatana na toleo la 2. Chukua magunia 7 ya mahindi, uwagawie watu 2. Ukiandika 7/2, Python 2 hujibu 3. Python 3 hujibu 3.5. Nusu ya gunia imepotea, na kompyuta haisemi neno!

Watunzaji wa maktaba, ambao wengi wao hujitolea tu, ikawabidi kuhudumia lugha mbili na kujaribu kila badiliko mara mbili. Basi wakatoa ilani mapema. Python 2 ilikuwa iachwe mwaka 2015, ikaongezewa muda hadi 1 Januari 2020. Kwa maktaba ya hesabu iitwayo NumPy, toleo la 1.16 la mwaka 2019 ndilo la mwisho kuipokea.

Je, ni haki? Naona ni haki, maadamu ilani ilitolewa na matoleo ya zamani hayakufutwa. Lakini mzigo huwaangukia wenye mashine kuukuu. Windows 7 haipokei Python iliyopita 3.8, na Python 3.8 haipokei NumPy iliyopita 1.24. Matoleo hayo yangali yanapatikana, ila hayatengenezwi tena, hata ikionekana kasoro ya usalama.

Kwa hiyo yafaa tushike mambo matatu:

1. Andika juu ya kila programu toleo la lugha na la maktaba ulizotumia.
2. Weka nakala ya maktaba hizo, ili usitegemee intaneti siku ya kazi.
3. Ukiona kitabu kinaandika print pasipo mabano, jua kinafundisha Python 2, tafuta kingine.

Zoezi: Katika Python 3 andika 7//2. Jibu lafanana na la toleo lipi, na kwa nini alama hiyo yahitajiwa?