Kutoka chandimu hadi klabu ya Ligi Kuu: anza na faili

Una vijana wako uwanjani kila jioni, na mmoja wao anakufanya uwaze mbali. Usikimbilie kutafuta skauti. Makaratasi kwanza. Hapa Tanzania, kama kwingine, kinachoiunganisha timu yako ya mtaani na shirikisho la mpira, TFF, na klabu kubwa ni usajili.

Nenda chama cha mpira cha wilaya yako. Uliza masharti ya kusajili kituo au timu ya vijana, yafuate, chukua risiti. Ukiambiwa urudi kesho, rudi.

Kisha mfungulie kila mtoto faili. Weka nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha, jina la shule, ridhaa ya mzazi yenye sahihi, na tarehe aliyojiunga nawe. Mtoto hana cheti? Msindikize mzazi wake ofisi ya RITA mapema, mtoto akiwa bado mdogo na hakuna anayemtilia shaka.

Tarehe ya kujiunga usiichukulie poa, ni pesa hiyo. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine mkataba wake ukiwa haujaisha, kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kuanzia 16 ni asilimia 0.5. Piga hesabu: ada ikiwa dola milioni 1, misimu minne ya umri wa 12 hadi 15 aliyokaa kwako ni dola 10,000. Hapo umepata mipira, jezi na nauli za kutosha.

Mtazame Mbwana Samatta. African Lyon, Simba, TP Mazembe, Genk mwaka 2016, Aston Villa mwaka 2020. Mchezaji wa aina hiyo huacha nyuma yake mlolongo wa klabu zenye haki ya kudai. Timu ambayo haimo kwenye kumbukumbu za shirikisho haidai kitu, hata kama mtaa mzima unajua nani alimnunulia viatu vya kwanza. Kwa hiyo hakikisha vijana wako wanaingizwa kwenye mfumo wa usajili kila msimu, bila kuruka.

Vijeba, wale waliozidi umri, waache. Najua wanakupa kombe la ndondo, lakini wanakuharibia jina. Kwa mashindano ya chini ya miaka 17, kifundo cha mkono hupigwa MRI na umri wa kufoji huumbuka. Mwaka 2017 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walikwenda AFCON ya vijana Gabon baada ya Congo Brazzaville kuondolewa kwa sababu ya utata wa umri wa mchezaji mmoja.

Sasa itafute klabu. Usiende kuomba msaada, nenda na ofa. Kanuni za leseni za CAF zinazitaka klabu ziwe na programu ya vijana, kwa hiyo nazo zinakuhitaji. Omba mechi ya kirafiki na kikosi chao cha chini ya miaka 17 au 20. Dakika 90 zinasema zaidi ya barua tano. Mpeleke na beki wako mzuri, siyo mfungaji tu. Washambuliaji wanaletwa kila wiki.

Elewana pia na mwalimu wa michezo wa shule. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, ni njia ya kuonekana isiyokugharimu, na mwalimu huyo ndiye anayepanga timu.

Klabu ikikubali, andikeni. Nani analipa matibabu mtoto akiumia? Shule itakuwaje? Akiuzwa, kituo kinapata nini? Mzazi awepo mezani, na asome kabla ya kutia sahihi. Aliye chini ya miaka 18 hafungwi mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Ukiona mitano, kataa.

Na huyo jamaa anayeahidi Ulaya kwa mtoto wa miaka 15, halafu anataka hela ya viza? Mwonyeshe mlango. FIFA hairuhusu uhamisho wa nje kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa hali chache maalumu. Mtanzania mwenzetu Kelvin John alijiunga na Genk mwaka 2021, alipotimiza 18. Wakala yeyote akuonyeshe leseni yake ya FIFA kabla hamjaanza mazungumzo.

Kijana akikataliwa kwenye majaribio, usigombane na kocha wa klabu. Mwombe sababu mbili, za kiufundi, kwa maandishi. Ziweke kwenye faili, zifanyie kazi mazoezini, na omba tarehe ya kumrudisha msimu ujao.