SOMO LA ROBO HII: KUISHI NA SUNGURA PORI KATIKA BUSTANI ZETU



Msingi wa somo letu ni Mwanzo 2:15. Mungu alimweka mtu bustanini afanye kazi mbili: kulima na kutunza. Mara nyingi tunaikumbuka ile ya kwanza tu.

Kiangazi kilichopita mama mmoja mjane wa Ujiji alikuta matuta yake ya mchicha na kabichi changa yameliwa usiku mmoja. Mboga hizo ndizo zilizokuwa zikimnunulia mjukuu wake madaftari. Kwa uchungu alichanganya sumu ya wadudu na pumba, akaiweka kando ya tuta. Asubuhi kuku wake wanne walikuwa wamekufa. Sungura hakuonekana. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna mtoto aliyeigusa.

Tumjue mnyama huyu

Sungura pori si yule tunayemfuga bandani. Hachimbi shimo. Mchana hujilaza kwenye nyasi ndefu, usiku hutoka kula. Ukiona shimo, basi tafuta mnyama mwingine. Alama zake ni shina lililokatwa mshazari kama kwa kisu, na kinyesi kikavu cha mviringo. Mbuzi hurarua, wadudu hutoboa majani.

Kwa nini anakuja?

Kuanzia Juni hadi Septemba nyasi za vilimani hukauka au huchomwa moto. Bustani inayomwagiliwa ndiyo pekee inayobaki kijani. Kwa hiyo anayechoma kilima anamsukuma sungura kwenye matuta ya jirani yake.

Tufanye nini?

1. Fyeka nyasi umbali wa mita 3 kuzunguka bustani, akose pa kujificha.

2. Zungushia waya wa kuku wenye urefu wa sentimita 90 na matundu yasiyozidi sentimita 3, au matete yaliyosukwa kwa kubana. Chini bana kwa mawe. Nyavu kuukuu za dagaa hazifai: huzitafuna, na ndege hunaswa.

3. Uwezo ukiwa mdogo, anza na kitalu na miche michanga.

4. Usitumie sumu. Huua kuku na mbwa, na mvua ikinyesha huteremka ziwani tunakovua. Wala usitege: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila kibali.

Mradi wa TACARE, ulioanzishwa mwaka 1994 katika vijiji jirani na Hifadhi ya Gombe, ulianza na mahitaji ya wanakijiji ili msitu nao upone. Kamati na wafadhili wetu, tufuate njia hiyo: uzio wa mjane kwanza, ndipo tumwambie aache sumu.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wetu vilima huchomwa na nani, na kwa sababu gani?

2. Ni kaya zipi zisaidiwe uzio kabla ya kiangazi kijacho?

Yule mama sasa ana uzio wa matete uliosukwa na vijana wa usharika. Sungura bado anapita nje, na mchicha unauzwa.