Kichwa cha Kulungu Ukutani

Huulizwa: yafaa kutundika ukumbini kichwa cha kulungu kilichokaushwa? Jawabu lategemea asili yake. Akiwa amechinjwa kisharia, ngozi, nywele na pembe zake ni tohara. Akiwa mzoga, katika madhehebu ya Imamu Shafii ngozi ikitiwa dawa hutahirika, lakini nywele na pembe hubaki najisi. Na kukitundika kwa kuitakidi kwamba chakinga husuda ni shirki.

Tena, ndugu Waislamu, tohara ya kitu si ruhusa ya kukimiliki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kanuni ya 2013 humwadhibu awekaye kiungo cha mnyama wa mwitu bila kibali. Aliyerithi kichwa kama hicho na aombe kibali, au akisalimishe.